Laini Kumi na Saba kwa Jina Langu

Jumatatu, 12 Mei. Mvua: milimita 9.

Daftari jipya, mvua mpya. La zamani limejaa; maneno yangu nimeyabananisha pembeni mwa namba za mvua mpaka mwenyewe siwezi kuyasoma. Watu wa kilimo walimpa marehemu mume wangu kipima mvua, wakakisimika uani, wakamwambia asome kila siku saa moja asubuhi na kutuma namba kwa simu kila Jumatatu. Yeye akafa, kipima mvua kikabaki, na hakuna aliyekuja kuuliza kama mjane wake anajua kusoma. Najua. Huu mwaka wa tano nawasomea mvua bila hata asante.

Mama mkwe anasema mwanamke anayeandika kila siku ana jambo analificha. Nikamwambia, "Mama, mwenye la kuficha haandiki." Akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Jumatano, 14 Mei. 0.

Siku ya soko. Penda amekuja na jibini lake, kibuyu kichwani, jua limeshapanda.

"Leo umechelewa," nikamwambia. "Nilidhani ng'ombe wamekuoa."

"Bora wanioe ng'ombe kuliko mkulima. Ng'ombe akishiba ananyamaza."

Akakaa kwenye benchi la kibanda changu cha vocha na kuchaji simu, akanipa simu yake. Penda ni Mfulani, hajui namba hata moja, kwa hiyo mimi ndiye ninayempigia. Nabonyeza namba ya ng'ambo ya mpaka, ikiita nampa. Kule anapokea mtu mwenye duka kando ya kisima. Simu ni moja, wachungaji ni wengi, anapiga kelele "Sambo! Samboo!" na sisi huku tunasubiri salio likiliwa. Sambo ni mwanawe, ana miaka ishirini na sita, alivuka na mifugo tangu Januari kutafuta majani. Kati ya mifugo hiyo yumo ng'ombe wangu mwekundu.

Sisi Wamoba, wakulima wa hapa, hatuchungi. Ng'ombe wetu tunawapa Wafulani, bila karatasi, bila shahidi. Ng'ombe wangu anafuata fimbo ya Sambo na watu wanadhani ni wa Sambo. Laini ya Penda nayo imesajiliwa kwa kitambulisho changu na kampuni inadhani ni yangu. Ngoma droo.

"Muulize kama mwekundu amezaa," nikamwambia.

"Bado, anasema. Anasema ng'ombe wako ni mvivu kama mwenyewe."

Ijumaa, 23 Mei. 14.

Nimesikiliza redio nikichambua kunde, mikono ikakoma yenyewe.

Hali ya hatari imeongezwa miezi sita mingine. Na kuna sheria mpya ya ugaidi. Mtangazaji ameisoma polepole. Anayezungumza na gaidi, anayemwezesha mtu kuzungumza na gaidi, na anayejua akanyamaza, wote watatu adhabu yao ni moja, hadi miaka ishirini. Simu zinaweza kusikilizwa bila kwenda kwa hakimu. Ujumbe unaweza kusomwa. Mwenye laini ndiye atakayejibu kwa kila lililosemwa kwenye laini hiyo.

Mwenye laini. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, vikaisha, nikaendelea kwa kunde. Kumi na saba.

Nieleze, maana siku moja huenda nikasahau ilivyokuwa rahisi. Miaka sita iliyopita alikuja kijana wa kampuni ya simu sokoni na mwavuli wake mkubwa, anagawa laini bure. Sharti ni kitambulisho. Upande wetu wa soko wenye vitambulisho tulikuwa wanne. Mama mkwe hana, hajui hata mwaka aliozaliwa. Mfinyanzi kipofu hana. Wauza pombe ya mtama hawana. Penda ndiyo kabisa. Mfulani akienda kuomba kitambulisho anaulizwa babu yake alizikwa wapi. Kijana wa kampuni mwenyewe alinipungia mkono. "Mama, weka chako tu, twende, jua kali." Nikaweka. Nikaweka tena. Nilijiona mtu mwema siku ile, nisidanganye, niliona raha kuombwa.



Jumatatu, 2 Juni. 31. Nimetuma namba. Mtama umeota.

Jumanne, 3 Juni. 4. Palizi.

Jumatatu, 9 Juni. 0.

Magaidi wamevamia Kpemboli, kijiji cha tatu kutoka kwetu. Wameua watu kumi na mmoja. Waliwakuta shambani wakipanda, asubuhi kweupe. Mmoja wao ni shemeji yake Damigu, kaka wa mkewe.

Damigu ni mdogo wa marehemu mume wangu. Alitaka kunirithi, nikakataa mbele ya watu, na tangu hapo kila akinisalimia anatazama pembeni. Sasa yumo kwenye kamati ya ulinzi, ana filimbi na koti la kung'aa. Leo amekuja kutoka mazikoni, udongo bado viatuni.

"Shemeji, hii sheria mnailalamikia, mngemwona yule marehemu msingefungua mdomo," akasema. "Asiye na kosa anaogopa nini? Wanisikilize mchana kutwa, watasikia nikikoroma."

Nilitaka kumjibu, nikaona macho yake, nikampa maji. Yule marehemu alinichezea harusini. Na mimi pia nawataka waliomuua wakamatwe. Naandika hili kwa sababu ni kweli, si kwa sababu yeyote atasoma.

Mama mkwe, alipoondoka Damigu, akasema, "Asiye na kosa. Hilo nimelisikia tangu enzi za Wazungu wa kodi." Akaendelea kumenya njugu.

Jumatano, 18 Juni. 22.

Mtandao umezimwa siku tatu, leo umerudi. Kikundi chetu cha WhatsApp cha soko kilikuwa na watu sitini na wawili. Asubuhi nimefungua: fulani ameondoka, fulani ameondoka, fulani ameondoka. Hakuna aliyeaga. Waliobaki wanatumiana maua na "Mungu atubariki." Nimejiuliza nikitoka nitaonekana naogopa, nikibaki nitaonekana sijali. Nimebaki, nimetuma ua.

Wakili aliyekuwa akizungumza redioni kila Jumanne, akisema sheria isiyomtofautisha muuaji na mama yake haitatukinga na muuaji, jana hakusikika. Wamepiga muziki saa nzima.

Jumatano, 25 Juni. 7.

Mtu wa viatu safi amekuja kibandani. Msimu huu wa tope, viatu safi! Akaniomba nimchajie simu. Nikaitazama, imejaa asilimia tisini na mbili. Akakaa benchi la Penda, akauliza biashara ikoje, wateja wengi ni akina nani, Wafulani nao wanakuja?

"Anakuja yeyote ambaye simu yake imekufa," nikasema. "Yako mbona nzima?"

Akatabasamu. Penda alipotokea na kibuyu chake nilimkonyeza apite. Hakuelewa, akaja moja kwa moja, akacheka, "Shoga, jicho lina nini leo?" Yule mtu akasogea kumpisha, akanunua jibini, akasifu. Mungu wangu.

Nani amenisema? Mwenye kujua habari ya laini zangu ni soko zima, lakini mwenye kwenda kambini kwa wanajeshi kila jioni kutoa ripoti ni mmoja tu. Damigu. Analipiza yale ya kurithiwa. Nimekumbuka alivyosimama jana karibu na kibanda, anahesabu nini sijui.

Alhamisi, 26 Juni. 0. Damigu amepita mara mbili. Nimeandika saa: saa tatu, saa tisa.

Ijumaa, 27 Juni. 18. Damigu na mwanajeshi, wanacheka. Saa nne.

Jumapili, 6 Julai. 40.

Nimefanya jambo la aibu. Nimemwambia Penda anirudishie laini.

Alikuwa amekaa, amenyoosha simu nimpigie kama kawaida. Nikaanza kuzunguka maneno: siku hizi, unajua, hali, serikali. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitaongeaje na mwanangu?"

"Subiri arudi. Mvua imeshaanza, atarudi na ng'ombe."

"Mpaka umefungwa kwa mifugo, wewe hujui? Akivuka wanajeshi wanampiga risasi, akibaki wale wengine wanamlazimisha. Nikimkosa kwenye simu nimemkosa."

"Wale wengine wanamlazimisha nini, Penda?"

"Sijui. Simwulizi. Nilimkataza kuniambia."

Nilikasirika. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, mojawapo kwamba nyinyi Wafulani mtatuponza. Miaka kumi na nane tunataniana hivyo hivyo na tunacheka. Leo hakuna aliyecheka. Alifungua simu kwa ukucha, akatoa laini, akaiweka mezani pangu, ndogo, na uchafu wa maziwa pembeni.

Nikairudisha mwenyewe kwenye simu yake. Nikampigia. Sambo alikuwepo, walizungumza dakika mbili, mimi nikajifanya nafuta sola.

Jumatatu, 14 Julai. 12. Nimetuma namba. Sina usingizi wala hamu ya chakula.

Jumatatu, 28 Julai. 3.

Sikuandika siku nyingi. Nilikuwa kambini siku kumi na moja.

Kwanza mvua, maana ndiyo kazi ya daftari hili. Mama mkwe hajui namba, lakini kila asubuhi saa moja alikwenda uani, akatumbukiza kijiti kwenye kipima mvua, akapima kwa unene wa kidole chake, akafunga fundo kwenye kamba. Vidole vitatu mafundo matatu, siku kavu akafunga uzi mwekundu. Kamba hiyo nimeitundika hapa ukutani. Nilipoiona nililia kuliko nilivyolia kambini.

Walikuja Jumatano ya tarehe kumi na sita, magari mawili, nikiwa napanga vocha. Hawakunipiga. Hilo lazima niliseme. Inspekta ni kijana wa kusini, mpole, alinipa kiti chenye mgongo na kuniita mama. Mbele yake karatasi yenye namba kumi na saba.

"Hii ni yako?"

"Yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

Mara kumi na saba. Akaweka kalamu chini. "Mama, una masikio mangapi?"

"Mawili. Lakini mimi ni mfanyabiashara."

Alicheka kidogo, kweli kweli, na hapo ndipo nilipoogopa. Akageuza karatasi. Laini inayoishia na arobaini na saba. Imepiga mara thelathini na nane kwenye namba moja ya ng'ambo, na namba hiyo, akasema, inatumiwa na watu waliokwenda Kpemboli.

"Ile simu ni ya duka, mwanangu. Inatumiwa na kisima kizima."

"Kama laini zako."

Nikasema laini ni yangu, niliyepiga ni mimi, na hilo si uongo, vidole vilivyobonyeza ni hivi. Akauliza niliongea nini. Nikasema ng'ombe wangu yuko kule.

"Ng'ombe ni nani?"

"Ni ng'ombe."

"Mwekundu ni nani?"

"Ni huyo huyo ng'ombe, mwanangu! Ana pembe!"

Akaandika. Sijui aliandika nini kirefu namna ile. Kisha akabonyeza kompyuta yake, na sauti ya Penda ikaingia chumbani, safi, kama amekaa pale na jibini lake. Nasikia Kifulani kidogo, na kando kulikuwa na tafsiri, Inspekta akanisomea taratibu:

"Sambo. Simu hii ina jina la mtu. Usiniambie uko wapi, usiniambie uko na nani, usimchafulie jina. Niambie tu umekula."

Na sauti ya kijana, mbali: "Nimekula, mama."

Ndivyo zilivyo simu nyingi, akasema Inspekta. Karibu zote. Simu hii ina jina la mtu. Niambie tu umekula.

Miaka yote ile nikijiona mfadhili, na yeye kila akishika simu alikuwa ananilinda, wala hakuwahi kuniambia. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Sasa nieleze, mama," Inspekta akasema, bila ukali. "Mtu asiyejua chochote, kwa nini amkataze mwanawe kusema aliko?"

Jibu lake mpaka leo ninalitafuta. Lile neno jema kuliko yote yaliyopita kwenye laini zangu ndilo waliloliwekea alama nyekundu.

Waliniuliza siku kumi sauti ile ni ya nani. Nikasema sijui. Wakaniuliza kumi na sita nyingine zinatumiwa na nani. Nikasema mimi. Nilikuwa nasema hivyo kwa sababu ya woga, si ushujaa. Niliona nikitaja mmoja nitataja wote. Kila mchana kikapu cha chakula kiliingia, ugali wa mtama na mlenda, na mlinzi akasema, "Kutoka kwa shemeji yako." Sikukila siku ya kwanza. Nilidhani Damigu ananicheka.

Jumamosi waliniita, wakanipa karatasi nitie sahihi: nitaripoti kila Jumatatu, sitasajili laini ya mtu. Nje, kwenye ule ujia wa mabati, nikakutana na Penda anaingia. Kibuyu kichwani, kitupu. Alikuwa ametembea kutoka maboma yao tangu alfajiri, na jibini aliliuza langoni kwa wanajeshi, wanasema waligombea. Kwa mlinzi alisema, "Laini ni yangu, sauti ni yangu, mtoto ni wangu. Jina ndilo si langu. Nimekuja kumrudishia mwenyewe."

Tulipishana. Mlinzi alikuwa katikati yetu. Nilisema, "Penda, nisamehe." Akasema tu, "Mpigie. Muulize kama amekula."

Jumatatu, 4 Agosti. 27.

Nimeripoti. Penda amepelekwa kusini, kwenye mahakama ya ugaidi. Lini atasikilizwa? Hakuna anayejua. Anaweza kukaa mwaka kabla ya kumwona hakimu, mlinzi amesema, kama vile anazungumzia foleni ya mashine ya kusaga.

Leo nimemkabili Damigu. Nikamwambia usoni, "Wewe ndiye uliyenisema."

Alishangaa mpaka filimbi ikadondoka. "Mimi? Shemeji, nilikwenda kambini kila siku kuwaambia laini zote ni zangu! Wakaniambia hazihitaji kusemwa na mtu, mashine inahesabu yenyewe, nani kapiga wapi mara ngapi. Wakanifukuza."

"Na pale kibandani ulikuwa unahesabu nini?"

"Mbao. Paa lako linaoza, nilitaka kulibadilisha, na wewe hutaki hata salamu."

Nimeona aibu, nikamwomba radhi. Na yeye badala ya kuondoka akabaki anachezea kofia. Kisha akasema, "Lakini kuna moja nimefanya. Nilikwenda maboma kwa Penda. Nilimwambia mwenzako yumo ndani kwa laini yako. Sikumlazimisha. Nilimwambia tu."

Nimshukuru au nimlaani? Ameniokoa kwa kumtoa Penda. Nimemwambia aende nyumbani. Nimesoma tena kurasa za Juni. Saa tatu. Saa tisa. Saa nne, wanacheka. Hakuna aliyeniajiri, lakini nimeifanya kazi ile ile ya kupeleleza, tena kwa mwandiko mzuri.

Jumatano, 20 Agosti. 52. Mvua kubwa kuliko zote. Soko halikukaa.

Jumatano, 3 Septemba. 16.

Watu wameanza kurudisha laini. Wa kwanza mfinyanzi kipofu, akashikwa mkono na mkewe, akaipapasa meza, akaweka laini. "Ahsante, mama, umetusaidia." Halafu wauza pombe wawili, pamoja, hawakukaa. Mmoja ana binti mjamzito mjini. Nikamuuliza utajuaje akijifungua? Akasema, "Nitajua akija na mtoto."

Mama mkwe ameitoa yake mwishoni, kutoka kwenye kifundo cha kanga. "Isiwe mimi nisiyejua kuzaliwa kwangu nikaja kukufunga," akasema.

Sasa nina bakuli la laini zilizokufa. Simu za kuchaji siku nzima zilikuwa nne.

Jumatatu, 22 Septemba. 6. Nimeripoti. Kunde zimevunwa. Sijampigia Sambo.

Jumatatu, 29 Septemba. 0. Nimeripoti. Sijampigia.

Jumatano, 8 Oktoba. 0.

Sijampigia. Naandika hivyo kila wiki, kama namba ya mvua, na nimechoka kujidanganya kwamba nasubiri wakati mzuri. Naogopa. Simu yangu waliichukua. Nina laini mpya, moja tu, kwa jina langu, na kila nikiishika nahisi kuna mtu amevuta kiti upande wa pili kusikiliza. Ile namba ya kisimani ninayo kichwani. Kuipiga ndilo kosa lenyewe.

Leo nimekaa benchi la Penda, siku yake ya soko. Nimewaza hivi. Sambo amepiga laini ya mamake miezi mitatu, anaambiwa haipatikani. Mtama ukikatwa, mashamba yakiwa wazi, wachungaji hurudi, mpaka ufungwe usifungwe. Atakuja kumtafuta mama yake. Ataingia kijijini akiuliza, mtu wa viatu safi atamjibu.

Na kama ni mmoja wao? Kama alikuwepo Kpemboli? Sijui. Nilimwona akikua, alinikamulia maziwa, na sijui. Penda mwenyewe hakutaka kujua, na ninaanza kuelewa kwamba ilimgharimu sana kutojua.

Jioni Damigu amepita, nikamuuliza yeye, ambaye amezika. "Ukiwa mimi ungefanyaje?" 

"Mimi ningetaka akamatwe, ahojiwe," akasema. "Lakini aambiwe mama yake yuko wapi. Hata mbwa anaambiwa."

Jumatatu, 20 Oktoba. 0. Nimeripoti. Inspekta kaniuliza, "Hakuna jipya, mama?" Nikasema hakuna bado.

Jumatano, 22 Oktoba. 0.

Mvua imekwisha. Jumla ya msimu ni milimita 938, na mafundo ya mama mkwe, ambayo sijui kuyajumlisha. Mtama umeshakatwa wote.

Daftari hili silichomi. Mama mkwe amenishauri nilichome, nikamkumbusha niliyomwambia Mei. Mtakaokuja kulisoma, karibuni. Majina ya wenye laini zile nyingine hayamo, msijisumbue kupekua. Ya Damigu ya Juni nayafuta hapa: yalikuwa uongo wa mtu mwenye hofu. Maneno ya Penda nimeyaandika kama nilivyoyasikia kwenye kompyuta yenu, na ninaomba myasome tena bila kalamu nyekundu.

Ni saa nne asubuhi, soko limejaa, nimekaa benchini pake, mbele ya watu. Mama mkwe yuko kando yangu, amekataa kuondoka, anavuta ugoro. Damigu amesimama kwenye kona na koti lake la kung'aa, amenipa mgongo, anajifanya anatazama barabara. Nimeshabonyeza namba. Mkono wa kushoto ndio unaoandika hivi vibaya, samahanini. Inaita.

Amepokea mwenye duka. Anaita, "Sambo! Samboo!" Nasubiri.

Nimeshapanga maneno, nitayasema taratibu ili wa huku na wa kule wote wasikie sawasawa. Mimi ni Kolani Yendukoa. Laini hii ni yangu, na sauti hii ni yangu. Mama yako yuko gereza la kusini, usije nyumbani kumtafuta. Mimi sikuulizi uko wapi wala uko na nani. Mama yako anauliza kama umekula.